Programu za simu zinazomfaa anayehamia Dubai kikazi

Mtu anayetoka Mombasa, Tanga, Kampala au Bujumbura kwenda kufanya kazi Dubai huusiwa mengi kuhusu joto, mavazi na chakula, lakini ni wachache wanaoelezwa mapema kwamba mambo yao mengi huko yatapita kwenye simu. Kibali cha ukaazi, mkataba wa kazi, mshahara, nauli, bili ya umeme na hata malalamiko dhidi ya mwajiri hushughulikiwa kwa programu za simu, na nyingi kati yake huomba vitu viwili vilevile: namba ya simu ya nchini humo na namba ya kitambulisho cha Emirates, yaani cha Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo. Kwa hiyo jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba laini hiyo iwe imesajiliwa kwa jina lako, na simu inayopokea ujumbe wake ikae mkononi mwako, si kwa wakala, si kwa mwajiri, wala si kwa binamu aliyekutangulia.

Kabla ya kusafiri

Kazi ya kwanza ya simu yako ni kuhakiki viza ukiwa bado nyumbani. Karatasi iliyotumwa na wakala kwa WhatsApp haitoshi, kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitengeneza. Kibali cha kuingia kilichotolewa Dubai huhakikiwa kwenye tovuti ya mamlaka ya uhamiaji ya Dubai inayojulikana kama GDRFA, na kilichotolewa katika falme nyingine huhakikiwa kwenye tovuti ya mamlaka ya shirikisho iitwayo ICP. Ingiza namba ya kibali na taarifa zako wewe mwenyewe, usome kinachosemwa, hasa aina ya kibali. Kikiwa cha matembezi huku umeahidiwa kazi, simama hapo hapo. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa. Kukaa baada ya muda wake kwisha hutozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Na ahadi ya kwamba "utabadilishiwa ukifika" imewaacha watu wengi bila kazi na wakiwa na deni. Barua ya ofa ya kazi nayo huhakikiwa kwa Wizara ya Rasilimali Watu, ambayo wafanyakazi wote huiita MOHRE, kupitia tovuti au programu yake. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hiyo anayekudai fedha kwa jina la "ada ya viza ya kampuni" anapaswa kuulizwa maswali mengi kabla hujafungua pochi.

Laini yako ya nyumbani usiiache ife. Benki na huduma za fedha kwa simu zitaendelea kutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Nenda kwa mtoa huduma wako, uombe iwezeshwe kupokea ujumbe ukiwa nje ya nchi, uhakikishe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha ujaribu kufungua programu ya M-Pesa au ya benki yako kwenye simu ileile utakayosafiri nayo. Anayetumia dawa kila siku aangalie pia huduma ya mtandaoni ya serikali ya nchi hiyo inayotoa kibali cha kuingia na dawa binafsi. Dawa zenye kodini au tramadoli, ambazo huku mtu huweza kuandikiwa na daktari bila wasiwasi, kule zinadhibitiwa vikali, na kuzibeba bila kibali ni hatari kubwa.

Jambo dogo lakini lenye uzito: mwekee mama au mwenzi wako programu ya Botim kwenye simu yake kabla hujaondoka, na umwonyeshe namna ya kupokea simu. Sababu yake nitaieleza mbele.

Laini, kitambulisho na UAE Pass

Ukifika, nunua laini ya mgeni uwanjani au mjini kwa pasipoti yako. Kampuni kubwa za simu ni e&, ambayo wengi bado huiita Etisalat, na du. Ukishapata kitambulisho cha Emirates rudi usajili laini yako kwa kitambulisho hicho. Kitambulisho chenyewe hufuata baada ya kupimwa afya na kuchukuliwa alama za vidole. Namba yake ina tarakimu 15, huanza na 784, na ndani yake umo mwaka wako wa kuzaliwa. Programu ya ICP hukuwezesha kufuatilia hatua iliyofikiwa, jambo linalokuondolea haja ya kumuuliza mtu wa ofisini kila asubuhi.

Hapo ndipo unapopakua UAE Pass, na hii nataka tukae nayo kidogo. UAE Pass ni utambulisho wako wa kidijitali: kwa programu hiyo unaingia kwenye huduma za serikali, unahifadhi nakala rasmi za nyaraka zako, na unatia sahihi mikataba. Usajili wake huhitaji kitambulisho, namba ya simu, barua pepe na picha ya uso wako, kisha unachagua namba ya siri. Kwa kuwa sahihi inayotiwa kwa UAE Pass inakufunga kisheria, kumpa mtu simu yako "akusaidie kujaza" ni sawa na kumkabidhi kalamu na sahihi yako pamoja. Kila unapoletewa ombi la kuidhinisha kitu ambacho hukukianzisha wewe, likatae. Wezi wengi huingia kwa mlango huo: wanapiga simu wakijiita maofisa wa polisi, wa posta au wa Benki Kuu, wanasema kitambulisho chako kimesimamishwa, halafu wanakuomba ubonyeze kitufe cha kukubali au usome namba iliyoingia kwenye simu. Hakuna ofisi halali inayoomba namba hiyo.

Iwapo utalazimika kubadili namba, anza kuibadilisha kwenye UAE Pass, ICP na benki wakati ile ya zamani bado inafanya kazi. Namba iliyofungwa huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na ujumbe wako utaingia kwake.

Kazi na mshahara

Programu ya MOHRE inapaswa kuwa kwenye simu ya kila mfanyakazi wa sekta binafsi. Humo utasoma mkataba wako kama ulivyosajiliwa wizarani, na ni wajibu wako kuulinganisha na ofa uliyokubali nyumbani: cheo, mshahara wa msingi, posho, muda wa majaribio. Ukiona tofauti, uliza mapema kwa maandishi. Malalamiko ya kucheleweshewa mshahara nayo hupelekwa kwa programu hiyohiyo au kwa simu ya wizara, 600590000. Mishahara hulipwa kupitia mfumo wa ulinzi wa mishahara ulioanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo wizara huona kama umelipwa au la; hata hivyo weka picha za taarifa zako za mshahara za kila mwezi. Mwajiri haruhusiwi kushikilia pasipoti yako. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao ya mwaka 2022, nao pia malalamiko yao huanzia wizarani.

Kuna kitu kingine ambacho wageni wengi hukisahau mpaka watozwe faini, nacho ni bima ya kupoteza kazi, ILOE. Ilianza tarehe 1 Januari 2023 na ni ya lazima kwa wafanyakazi wengi, ingawa wa majumbani hawamo. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 hulipa dirhamu 5 kwa mwezi, na anayepata zaidi hulipa 10, ilhali faini ya kutojiunga ni dirhamu 400. Unajiunga mwenyewe kwa simu, kwa hiyo usingoje kampuni ikukumbushe.

Kutuma fedha nyumbani

Wafanyakazi wengi wa mishahara ya chini hulipwa kwa kadi ya mshahara, na programu ya C3Pay huonyesha salio la kadi za aina hiyo na kuwezesha kutuma fedha. Wengine hutumia programu za maduka ya kubadilisha fedha, kama Al Ansari Exchange na LuLu Money. Namna ya kuzilinganisha ni moja. Dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi au faranga ya nyumbani, pamoja na faida ambayo kampuni imeipachika kwenye kiwango chake. Usitazame ada peke yake. Ingiza kiasi kilekile, tuseme dirhamu 500, kwenye programu mbili au tatu kwa saa ileile, uone ni shilingi ngapi zitakazomfikia mpokeaji baada ya makato yote. Wakati mwingine iliyoandika "bila ada" hushindwa na inayotoza ada.

Jihadhari na mtu anayekuambia umpe dirhamu mkononi naye ndugu yake atawalipa jamaa zako Arusha au Nakuru. Wenye kufanya hawala, yaani utumaji wa aina hiyo, hutakiwa kusajiliwa na Benki Kuu ya nchi hiyo, na ukitumia asiyesajiliwa huna pa kushitaki fedha zikipotea.

Mawasiliano, na mipaka yake

WhatsApp hufanya kazi kwa ujumbe wa maandishi, picha na sauti iliyorekodiwa, lakini kupiga simu za sauti na za video kwa programu hiyo kumezuiwa. Zinazoruhusiwa ni zile zenye idhini ya mamlaka ya mawasiliano, na Botim ndiyo inayojulikana zaidi kwa familia. Pande zote mbili lazima ziwe nayo, ndiyo maana nilisema uiweke kwenye simu ya nyumbani mapema. Wapo watakaokushauri utumie VPN, programu inayoficha anwani yako ya mtandao, ili kupita kizuizi. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inaweka kifungo na faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000, au kimojawapo, kwa anayeficha anwani yake ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kulificha, na kwa maoni yangu simu ya video haistahili kujiweka karibu na adhabu ya namna hiyo. Sheria hiyo pia inaadhibu kumpiga mtu picha bila ridhaa yake na kuzisambaza, kwa hiyo ajali barabarani au ugomvi wa majirani si vitu vya kurusha mtandaoni.

Liko jambo moja linalotugusa sisi hasa. Desturi yetu msiba ukitokea ni kufungua kikundi cha WhatsApp na kuanza kuorodhesha michango, na desturi hiyo ni njema. Lakini sheria ya mwaka 2021 kuhusu michango inakataza kukusanya fedha kutoka kwa umma, mitandaoni ikiwemo, isipokuwa kwa taasisi zenye kibali, na nia nzuri haimwondolei mtu kosa. Usijitangaze kuwa mweka hazina wala usisambaze namba ya akaunti kwenye makundi makubwa. Njia iliyo salama zaidi ni kila mtu amtumie mfiwa anachoweza moja kwa moja, kwa programu yake mwenyewe, na suala la kusafirisha mwili lipelekwe ubalozini.

Nyumba na njia

Vyumba hutafutwa kwenye Dubizzle, Bayut na Property Finder. Tangazo halali la Dubai hubeba namba ya kibali na msimbo wa QR wa Idara ya Ardhi. Skani msimbo huo kwa simu, uone kama taarifa zinalingana, na usilipe amana kwa chumba ambacho hujakikanyaga. Programu ya Dubai REST ya idara hiyo hukuonyesha kama dalali amesajiliwa. Anayepanga kitanda tu, kama ilivyo kawaida katika mitaa ya Deira na Satwa, aombe kuona mkataba uliosajiliwa kwenye Ejari, mfumo wa Dubai wa kusajili mikataba ya pango, na aulize kama jina lake litaingizwa miongoni mwa wakaazi, maana wanaoishi pamoja hutakiwa kuandikishwa kwenye Dubai REST. Mwenye nyumba anayekwepa swali hilo ana sababu.

Kwa usafiri, S'hail hukupangia njia ya basi, metro na tramu, na nol Pay huongeza salio la nol, kadi ya kulipia nauli, kwa simu zenye uwezo wa kusoma kadi. Usile wala usinywe ndani ya metro, kwani faini ni dirhamu 100. Teksi huitwa kwa Careem. Dereva asipoielewa anwani yako, mpe namba ya Makani iliyobandikwa kwenye jengo: ni tarakimu 10 zinazoonyesha mlango wenyewe.

Kwa dharura, polisi ni 999, gari la wagonjwa 998, zimamoto 997, na 901 ni ya polisi wa Dubai kwa mambo yasiyo ya haraka. Kenya, Tanzania na Uganda zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konseli Dubai. Chukua namba zao kwenye tovuti rasmi, uzihifadhi kwenye simu, na uziandike pia kwenye karatasi inayokaa mahali tofauti na simu hiyo, pamoja na nakala ya pasipoti yako na namba moja ya mtu wa nyumbani.