VM imegoma kuwaka? Pitia hapa kabla hujafuta chochote

Wakuu, habari za kazi. Mi niko Arusha, kazi zangu ni za kompyuta, na siku hizi wanaonitafuta sana ni wanafunzi wa IT wa hapa Njiro na wa ATC (chuo cha ufundi Arusha), saa ingine wanapiga simu mpaka kutoka Moshi, tatizo lile lile tu: VirtualBox, ile programu ya kuendeshea VM, imegoma. Kwa asiyejua, VM ni kompyuta inayokaa ndani ya kompyuta, yaani una Windows yako kama kawaida afu ndani yake unafungua dirisha lenye Ubuntu (aina ya Linux) nzima, ina diski yake, ram yake na mtandao wake. Unajifunzia seva bila kununua seva, na hata wahasibu wenye programu za zamani zisizokubali Windows 11 wanazikimbiza humo.

Kinachoniuma ni kwamba ikigoma kidogo mtu anafuta kila kitu anaanza upya. ISO (faili la kuinstolia) ya Ubuntu 24.04 inazidi GB 5, ukiidaunlodi tena kwa bando la simu hela imeenda, na kazi ya wiki nzima ya mradi wa chuo imeenda nayo, wakati mara nyingi tatizo ni setingi moja tu ya laptopu. Kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya 1: kopi kwanza

Zima VM, nenda kwenye foda inayoitwa VirtualBox VMs, kwa kawaida iko ndani ya foda la jina lako kwenye C:\Users. Humo kila VM ina foda lake, lenye faili la .vdi (hilo ndo diski, mali yako yote iko humo), faili dogo la .vbox lenye setingi, na foda la Logs. Kopi foda lote uweke kwenye diski ya nje. Fleshi ikikataa ikikwambia faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo, hiyo fleshi imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32 na FAT32 haibebi faili moja la kufika GB 4, iformati kwa exFAT (hamisha vilivyomo kwanza) afu kopi tena.

Hatua ya 2: soma ilichoandika

Dirisha la kosa likitokea usibonyeze OK haraka. Fungua sehemu ya Details, utaona neno linaloanza na VERR, hilo ndo linakwambia uende wapi. Likiwa halijatosha, chagua VM yako bonyeza Ctrl+L utaona log (daftari la matukio ya VM). Huhitaji kuelewa yote, we tafuta VERR ya mwisho mwisho basi.

Hatua ya 3: prosesa imeruhusiwa?

Hapa ndo wengi wanakwamia, hasa wenye laptopu za mtumba hizi tunazonunua mjini. Ukiona VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED (Intel) au VERR_SVM_DISABLED (AMD), au ukitengeneza VM mpya unaona chaguo za 32-bit peke yake, basi uwezo wa prosesa kubeba VM umezimwa kwenye BIOS (setingi za ndani za laptopu, kabla Windows haijaanza). Kuhakikisha, fungua Task Manager, Performance, CPU, angalia chini kulia palipoandikwa Virtualization. Ikiwa Disabled, zima laptopu, iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuingia BIOS: HP nyingi ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Humo ndani tafuta neno Intel VT-x au Virtualization Technology, kwa AMD linaitwa SVM Mode. Kila kampuni imeliweka pake, mara kwenye Security, mara Advanced, kwa hiyo pitia kurasa zote usikate tamaa. Washa, sevu, afu zima laptopu kabisa ndo uwashe tena.

Angalizo la muhimu sana hapa: kama diski ya laptopu imefungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows), kubadilisha BIOS kunaweza kuifanya Windows ikuombe rikavari ki, yaani namba ndefu ya kuifungulia. Uwe nayo kabisa kabla hujagusa, kama huna isevu kwanza mahali nje ya hiyo laptopu.

Hatua ya 4: kasa wa kijani

Sasa VT-x umewasha, Task Manager inasema Enabled, lakini VM inajivuta kupita kiasi. Angalia chini kulia kwenye dirisha la VM, kuna alama ndogo za diski, mtandao na kadhalika, ukiona katoto ka kasa wa kijani maana yake Hyper-V (mfumo wa VM wa Windows yenyewe) imeshika prosesa na VirtualBox inapita kwa mlango wa nyuma. Saa ingine haiwaki kabisa.

Hyper-V haiji peke yake, inaletwa na vitu kama WSL2 (Linux ndani ya Windows), Docker Desktop, Windows Sandbox na ile Memory integrity iliyoko kwenye Windows Security, Device security, Core isolation. Fungua Command Prompt kama administrator andika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Risitati. Kasa akiendelea kuonekana, angalia Memory integrity na uizime pia. Lakini jua unachokifanya: hiyo Memory integrity ni ulinzi wa kweli dhidi ya virusi wanaoingia kwenye moyo wa Windows, kwa hiyo laptopu ya ofisi yenye mambo ya hela mi nisingeizima, bora VM iwe nzito. Na WSL2 na Docker havitafanya kazi mpaka urudishe, amri ni ile ile ila mwisho unaweka auto badala ya off. Onyo la BitLocker linahusika hapa pia.

Hatua ya 5: ram na nafasi

Laptopu ya GB 8 ipe VM GB 4 isizidi. Ya GB 4 ipe GB 2, na kwa kweli usiweke Ubuntu yenye madoido, weka Linux nyepesi kama Lubuntu, au Debian yenye Xfce, au kama unajifunza seva weka isiyo na madirisha kabisa, inatosha vizuri. Prosesa pia usiigawe yote, Windows nayo inataka kuishi.

VM ikisimama ghafla na neno DISKFULL, diski ya laptopu imejaa, sio ya VM. Usiizime, futa vitu upande wa Windows upate nafasi afu iambie iendelee. Watu wanaenda kufuta faili za .vdi ndani ya foda la Snapshots wakidhani ni takataka, tafadhali msifanye hivyo, snapshoti (hali za VM ulizohifadhi ili uweze kuzirudia) zinategemeana na ukifuta moja kwa mkono VM haifunguki tena. Zifutie ndani ya VirtualBox yenyewe.

Hatua ya 6: umeme ulikatika

Hili kwetu ni la kila siku, hasa mwenye desktopu isiyo na UPS au laptopu ya betri iliyokufa. Umeme ukirudi kuna hali tatu.

Ya kwanza VM imeandikwa Aborted, hiyo iwashe tu, mara nyingi inaamka yenyewe.

Ya pili inaamka inaishia skrini nyeusi yenye neno (initramfs). Usiogope, Linux inakwambia mafaili yake yamevurugika na inataka ukaguzi, na juu kidogo itakua imetaja jina la sehemu yenye shida, tuseme /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2 (weka jina uliloliona wewe), subiri imalize, afu andika reboot. Ndo maana nilisema kopi kwanza, kwa sababu fsck inatengeneza lakini saa ingine inatupa faili lililoharibika sana.

Ya tatu inatisha zaidi, VM imeandikwa Inaccessible. Fungua foda lake, angalia faili la .vbox, mara nyingi utakuta limekua KB 0 au limekatika katikati. Pembeni yake kuna lenye mwisho wa .vbox-prev, hiyo ni bekapu ambayo VirtualBox inajitunzia yenyewe. Funga VirtualBox, lile bovu libadilishe jina, hilo la -prev likopi na kopi uipe jina la lile la mwanzo, fungua tena. Na hata kama yote mawili yamekufa, .vdi ikiwa nzima tengeneza VM mpya na kwenye diski chagua kutumia iliyopo. Kama ulikua na snapshoti jua kwamba .vdi kubwa peke yake itakurudisha nyuma mpaka ulipopiga snapshoti ya kwanza.

Hatua ya 7: mtandao, skrini na fleshi

Intaneti haiji ndani ya VM? Weka NAT (VM inapitia mtandao wa Windows yako), hasa kama unatumia hotspoti ya simu, maana Bridged (VM inaingia kwenye mtandao kama kompyuta nyingine) kwenye Wi-Fi inasumbua kadi nyingi. Kwenye NAT utaona IP 10.0.2.15, ni sawa. Ukitaka Windows yako iongee na seva iliyo ndani ongeza Host-only (mtandao wa Windows yako na VM peke yao) kama kadi ya pili.

Skrini ndogo isiyotanuka ni Guest Additions (programu za ziada za VirtualBox zinazowekwa ndani ya VM) hazipo. Kwenye Ubuntu andika kwanza sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r), afu kwenye menyu ya Devices ingiza CD ya Guest Additions uikimbize. Skrini ikiwa nyeusi kabisa zima 3D na hakikisha Graphics Controller ni VMSVGA kwa Linux, VBoxSVGA kwa Windows.

Fleshi isipoonekana, iteue kwenye Devices, USB.

Ukiwa umepita zote hizi na bado, uliza, ila ukiuliza andika toleo la VirtualBox, Windows gani, ram ngapi, na ule mstari wenye VERR ukopi kama maandishi, pamoja na faili lenyewe la VBox.log kutoka foda la Logs.