Bima ya tetemeko la ardhi California: kukokotoa ada na kupata punguzo la nyumba iliyoimarishwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayemiliki nyumba ya mbao katika jimbo la California, hasa iliyojengwa kabla ya mwaka 1980, ambaye anataka kujua bima ya tetemeko itamgharimu kiasi gani na kuimarisha nyumba kutampunguzia nini. Katika kazi yangu ya uwakala wa bima, swali la kwanza ninaloulizwa karibu kila mara ni la punguzo. Ninaamini kwa dhati kwamba punguzo linastahili kuulizwa baadaye, na kwamba swali la kuanza nalo ni hili: nyumba ikiharibika, ni fedha kiasi gani zitatoka mfukoni mwako kabla bima haijalipa chochote?

Kwanza, fahamu unanunua kwa nani. Sheria ya California, tangu miaka ya 1980, huitaka kampuni inayokatia nyumba bima imtolee mteja pia fursa ya bima ya tetemeko. Baada ya tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994, lililokuwa na ukubwa wa 6.7, kampuni nyingi ziliona ni afadhali kuacha kuuza bima za nyumba kuliko kuubeba mzigo huo, na soko likakaribia kukwama. Ndipo mwaka 1996 ikaundwa California Earthquake Authority, yaani CEA, chombo kinachosimamiwa na umma lakini kisichoendeshwa kwa fedha za hazina ya jimbo. Huwezi kwenda CEA moja kwa moja. Unanunua kupitia kampuni mwanachama iliyokwisha kukukatia bima ya kawaida ya nyumba. Kumbuka pia kwamba moto unaozuka kwa sababu ya tetemeko hulipiwa na bima ya kawaida, wala si na bima ya tetemeko, na kwamba mafuriko, ikiwemo tsunami, hayamo katika bima hii.

Hatua ya pili ni kukusanya taarifa zinazopanga ada. Andika mwaka wa ujenzi, idadi ya ghorofa, aina ya paa, aina ya msingi na namba ya eneo la posta, kwa sababu ada hupangwa kwa kuangalia umbali wa nyumba kutoka kwenye nyufa za ardhi zinazojulikana, aina ya udongo unaoibeba, na jinsi jengo la aina hiyo linavyostahimili mtikisiko. Kisha chukua hati ya bima yako ya nyumba na utafute thamani iliyokatiwa bima. Thamani hiyo ni makadirio ya gharama ya kujenga upya, haihusiani na bei ya soko, na haihesabu kiwanja. Anayeingiza bei aliyonunulia nyumba katika hesabu zake atapotoka tangu mstari wa kwanza.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba uipe muda mrefu kuliko nyingine zote: kiasi cha kujilipia, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. CEA huruhusu viwango vya asilimia 5, 10, 15, 20 au 25, ingawa viwango vya chini havipatikani kwa kila nyumba, na nyumba kongwe ambayo haijaimarishwa inaweza kunyimwa. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa thamani yote iliyokatiwa bima, wala haihesabiwi kwa hasara iliyotokea, na hapo ndipo watu wengi hushtuka wakati wa kudai. Tuseme nyumba imekatiwa bima ya dola 500,000 kwa kiwango cha asilimia 15. Kiasi cha kujilipia ni dola 75,000. Hasara ya jengo ikiwa dola 60,000, hulipwi hata senti kwa ajili ya jengo. Ikiwa dola 120,000, unalipwa 45,000. Kwa kiwango cha asilimia 5, hasara ile ile ya dola 60,000 ingekuletea dola 35,000, lakini ada ya kila mwaka ingekuwa kubwa zaidi. Gharama za makazi ya muda, pale nyumba isipokalika, hazikatwi kiasi cha kujilipia, kwa hiyo hata anayechagua kiwango cha juu aangalie sehemu hiyo na asiipunguze kupita kiasi.

Hatua ya nne: ingia chini ya sakafu, au umtume fundi. Nyumba nyingi za zamani huko zimeinuliwa juu ya msingi wa zege kwa ukuta mfupi wa mbao unaozunguka nafasi iliyo chini ya sakafu. Ardhi ikitikisika kwa kasi, nyumba isiyofungwa huteleza na kutoka juu ya msingi, na ukuta ule mfupi usiokazwa hulala upande mmoja na kuiangusha sakafu. Angalia mambo matatu: je, mbao inayolala juu ya zege imefungwa kwa bolti zinazoingia kwenye msingi? Je, ukuta mfupi umefunikwa kwa plaiwudi ya kimuundo iliyopigiliwa ipasavyo? Je, tangi la kuchemshia maji limefungwa kwa mikanda ya chuma kwenye fremu ya jengo? Nyumba iliyokaa moja kwa moja juu ya sakafu ya zege haina ukuta huo, na hatua zinazofuata hazihusu hali yake. Nyumba yenye chumba juu ya gereji au iliyojengwa kwenye mteremko inahitaji mhandisi.

Hatua ya tano ni ruzuku, na hapa mpangilio wa mambo ni muhimu kuliko bidii. Mpango wa Earthquake Brace + Bolt, unaosaidia kulipia kazi ya kuifunga nyumba kwenye msingi na kukaza ukuta ule mfupi, hutoa hadi dola 3,000 kwa nyumba zinazostahili katika maeneo yaliyoorodheshwa, na kaya zenye kipato cha chini zinaweza kupata nyongeza. Jiandikishe wakati dirisha la maombi likiwa wazi, usubiri kuchaguliwa, kisha uchukue kibali cha ujenzi na umpe kazi mkandarasi mwenye leseni. Ukianza kazi kabla ya kukubaliwa, ruzuku imekupita.

Hatua ya sita: dai punguzo. Kazi ikikamilika, fomu ya CEA ya kuthibitisha uimarishaji hujazwa na mtaalamu mwenye leseni, nawe unaiwasilisha kwa wakala wako. Punguzo hufika hadi asilimia 25, kutegemea mwaka wa ujenzi na aina ya msingi. Halijitokezi lenyewe, bila fomu, nyumba yako itaendelea kutozwa kama isiyofungwa.

Sasa piga hesabu. Chukua, kwa mfano tu, ada ya dola 1,600 kwa mwaka na punguzo la asilimia 20: unaokoa dola 320. Kazi ikigharimu dola 6,000 na ruzuku ikalipa 3,000, zile 3,000 zako zitarudi kwa njia ya punguzo baada ya miaka tisa na miezi kadhaa. Wapo wanaoishia hapo na kuona haifai. Lakini rudi kwenye dola 75,000 za hatua ya tatu, ambazo bima haitazigusa kamwe: bolti na plaiwudi hupunguza uwezekano wa kuzilipa, na hakuna kipengele chochote cha mkataba kinachofanya hivyo. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha za jambo moja tu mwaka huu ninamshauri aimarishe nyumba kwanza, akijua wazi kwamba katika kipindi hicho hana kinga ya bima, kisha akate bima mwaka unaofuata akiwa na punguzo tayari.

Kila bima inapohuishwa, soma ukurasa wa maelezo ya mkataba. Hakikisha punguzo limeandikwa, na utazame thamani mpya ya jengo, kwa kuwa makadirio ya kujenga upya yakipandishwa kutoka dola 500,000 hadi 600,000, kiasi cha kujilipia cha asilimia 15 nacho kinapanda kutoka dola 75,000 hadi 90,000 hata kama hukubadilisha chochote.