Kuondoa Ukoga Mgumu Katika Mabomba ya Choo cha Boti

Pampu ya choo cha boti ikianza kuwa nzito mkononi, mara nyingi kosa si la pampu, bali ni ukoga mgumu uliojijenga ndani ya bomba la majitaka. Kwa kuwa maji ya Ziwa Viktoria yana chokaa kidogo, wenye boti wa Entebbe na visiwa vya Ssese wanaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la baharini tu. Lakini mkojo wenyewe una kalisi, magnesi na fosfeti. Ukilala bombani, bakteria huivunja urea na kutoa amonia, asidi ya mkojo hupungua, na chumvi hizo hugandamana na kuta za bomba.

Kabla ya yote, zifunge vali zote mbili zinazopita kwenye ubavu wa boti, uvae glavu na miwani ya kukinga macho. Hakikisha pia kwamba hakuna Jik iliyobaki bakulini, kwa sababu ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo katika chumba kidogo kama choo cha boti inaweza kuua.

Ukoga mwembamba huyeyuka kwa siki nyeupe, au kwa gramu 100 hivi za asidi ya sitriki katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Elekeza mkondo wa majitaka kwenye tangi, mimina bakulini, usukume polepole mpaka asidi ilijaze bomba, kisha uiache kwa saa moja. Usiiache usiku kucha, maana vali ndogo ya mpira ya njia moja huvimba. Rudia kwa asidi mpya. Asidi ya haidrokloriki ina nguvu zaidi, lakini hula alumini na hata chuma cha pua, kwa hiyo mimi siishauri kwa mtu asiyejua tangi lake limetengenezwa kwa nini.

Ukoga ukiwa mnene, asidi peke yake itakuchosha. Lifungue bomba la mpira, lipeleke nchi kavu, ulikunjekunje na kulipigapiga chini hadi vipande vitoke. Vali ndogo ya mpira ya njia moja ni afadhali kuibadilisha kuliko kuikwangua.

Majitaka yaliyochanganyika na asidi yatolewe tangini yapelekwe nchi kavu, yasimwagwe ziwani. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala huvutwa kutoka ziwa hilohilo, pale Ggaba.

Kinga yake ni maji ya kutosha. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 38 hubeba takriban lita 1.1 kwa kila mita, hivyo bomba la mita 3 linahitaji zaidi ya lita 3 ili mkojo wote ufike tangini. Pima bomba lako, pima pia maji yanayosukumwa kwa mkono mmoja wa pampu (yaani kusukuma mpini mara moja), kisha ubandike ukutani idadi ya mikono ambayo kila abiria anapaswa kusukuma.