Somo: Basari ya mtoto na ruzuku ya kikundi, kutoka fomu hadi hundi

Kila muhula unapofunguliwa, kuna watoto Kenya hii wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na baadhi yao walistahili basari ila fomu yao iliwekwa kando kwa kukosa nakala ya cheti kimoja. Jambo hilo linaniuma. Hizi ni pesa za umma, na mwenye haki nazo mara nyingi hukosa kwa karatasi wala si kwa hali yake. Somo hili ni la mzazi, mlezi, mwanafunzi, na la vikundi vya wadi vinavyotafuta ruzuku. Someni mpaka mwisho, kisha kuna majibu ya maswali ya wanachama.

Hatua ya kwanza: jua pesa ziko wapi

Wengi huijua basari ya eneobunge peke yake, ile ya NG-CDF. Mfuko huo ulianza mwaka 2003 kwa jina la CDF, na unaendeshwa chini ya sheria ya 2015 katika maeneobunge yote 290. Lakini kuna milango mingine. Serikali za kaunti zimekuwa na basari zao, mara nyingi kupitia kamati za wadi. Ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake ina mfuko wa NGAAF, unaosaidia wanafunzi wenye shida na vikundi pia. Kuna Basari ya Rais kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ambayo ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako itakuelekeza. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko wake wa maendeleo, na hugharamia elimu na vifaa vya kujimudu. Taasisi za benki nazo zina ufadhili kamili wa sekondari kwa watoto werevu wasiojiweza. Wings to Fly ya Equity ndiyo inayojulikana zaidi.

Kwa nini nasisitiza milango mingi? Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka katiba, na suala likapelekwa rufani. Januari 2025 basari za kaunti nazo ziliingia katika mvutano, kwa kuwa katiba imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ilhali shule za msingi na sekondari ni jukumu la serikali kuu. Mzazi aliyeweka tumaini lake lote kwenye mfuko mmoja anaweza kuamka siku moja akute umesimamishwa. Omba kila mahali unapostahili, na fomu ikikuuliza umeomba wapi kwingine, taja bila kuficha.

Hatua ya pili: weka faili kabla ya tangazo

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangazo likitoka huwa na siku chache tu. Ukianza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku hiyo, umeshachelewa. Nunua faili ya bei yoyote na uweke ndani nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vitambulisho vya wazazi au mlezi, ripoti ya muhula uliopita, barua ya kujiunga na shule kama ndiyo anaanza, na karatasi ya shule inayoonyesha karo ya mwaka na salio lililobaki. Yatima aweke cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu aweke nakala ya kadi ya Baraza. Kila kitu nakala mbili tatu, kwani kila mfuko unataka seti yake.

Kisha kagua majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na ripoti ya shule inasema jingine, kamati itasita. Nenda shuleni mapema urekebishiwe, au upate barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri ikieleza kwamba mtoto ni yule yule. Na jina la shule liandikwe kamili pamoja na nambari ya mwanafunzi, kwa sababu hundi huandikwa kwa shule, haiandikwi kwa mzazi. Kosa la neno moja laweza kupeleka hundi kwenye shule nyingine yenye jina linalofanana.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini pesa hazitoki mtoto anapozihitaji. Anza kuuliza katika ofisi ya eneobunge na kwa chifu mapema. Usingoje kusikia kwa jirani.

Hatua ya tatu: jaza fomu, hasa pale panapouliza sababu

Wanakamati wana rundo la fomu mbele yao, na kila fomu inasema "mimi ni maskini, naomba msaada". Umaskini ni kweli, lakini sentensi hiyo haimwezeshi mtu kuamua. Mpe hali na tarakimu. Tazama mfano huu:

"Mtoto yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Karo ya mwaka ni Sh40,000. Nimelipa Sh14,500, salio ni Sh25,500. Baba yake alifariki 2021, cheti nimeambatisha. Mimi nauza mboga sokoni na nina watoto wengine wawili shuleni. Naomba msaada wa salio au sehemu yake."

Mistari michache, na kila neno lina karatasi nyuma yake. Usiongeze chumvi. Chifu na mzee wa kijiji ndio watakaothibitisha, na wanaijua nyumba yako. Ukisema huna kazi na kila mtu anakuona dukani kwako, hata ile kweli iliyobaki haitaaminika.

Hatua ya nne: sahihi, muhuri, na nakala yako

Peleka fomu shuleni ipigwe muhuri, kisha kwa chifu au naibu wake, na pale panapohitajika kwa kiongozi wa dini. Kabla ya kuirudisha ofisini, ipige nakala yote, au ipige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Ukiikabidhi, omba waigonge muhuri nakala yako yenye tarehe, au angalau uandike jina la aliyeipokea. Bila hicho, siku ukiambiwa "hatukuiona fomu yako" huna la kujibu.

Hatua ya tano: fuatilia mpaka kwenye risiti

Jina kutoka kwenye orodha si mwisho wa safari. Hundi moja huweza kubeba wanafunzi kadhaa wa shule moja, na shule ndiyo inayogawa kwa kila akaunti. Nenda kwa mhasibu wa shule, uliza kama hundi imefika, na uombe risiti ya mtoto wako. Hundi ikikaa miezi 6 bila kupelekwa benki huisha nguvu, na kuibadilisha ni mzunguko mrefu. Kama mtoto amehama, iandikie ofisi iliyotoa basari mara moja, ukiambatisha barua ya shule mpya.

Kwa vikundi

Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi lazima kiwe na wanachama wasiopungua 10 na kisajiliwe kupitia afisa wa maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi. Baada ya cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Cheti kina muda wake, kwa hiyo angalieni tarehe kabla ya kuomba chochote.

Sasa, lililo zito zaidi. Tofautisheni ruzuku na mkopo kabla ya kuweka sahihi. Mfuko wa Uwezo na Mfuko wa Wanawake ulioanzishwa 2007 hutoa mikopo. Ya Uwezo haina riba, lakini hurudishwa. Ruzuku ya kweli kwa kikundi hutafutwa NGAAF, au kwa Baraza la Watu Wenye Ulemavu kwa vikundi vya walemavu na vya wazazi wenye watoto walemavu. Nayo mara nyingi huja kama vifaa: mahema na viti, mizinga ya nyuki, matangi ya maji. NG-CDF haiwekei kikundi chenu pesa mfukoni. Hiyo ni ya miradi inayonufaisha wananchi wengi, kama darasa la shule ya umma.

Andiko la mradi lisiwe refu. Semeni mnataka kufanya nini, mahali gani, nani mwenye ardhi, vifaa vinagharimu kiasi gani kwa bei mlizopewa na wauzaji watatu, na ninyi wenyewe mmeweka nini. Kikundi chenye daftari la akiba, hata akiba ndogo inayowekwa kila wiki, husikilizwa kuliko kilichoundwa baada ya kusikia kuna pesa. Mimi nakubaliana kabisa na kamati katika hilo. Elezeni pia nani atatunza kifaa kikiharibika. Tangi bila mtu wa kubadilisha mfereji uliovunjika hukauka, na wanaolipia ni akina mama wanaorudi mtoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Wangu yuko shule ya kutwa, na watu wananiambia basari ni ya wa bweni tu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mama. Si kweli. Kiwango rasmi cha serikali kimekuwa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na kwa wa kutwa hiyo ndiyo hugharamia masomo. Lakini chakula cha mchana na mahitaji mengine humwangukia mzazi, na watoto hurudishwa kwa deni hilo. Omba. Wa bweni huwa wanapewa zaidi kwa sababu karo yao ni kubwa, ila wa kutwa hajakatazwa. Ambatisha karatasi ya shule inayoonyesha unadaiwa nini.

Swali: Kuna mtu kwetu anauza fomu, na mwingine anataka "ya chai" ndipo aweke sahihi. Nisipotoa mtoto atakosa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, fomu haiuzwi na sahihi hailipiwi. Najua uzito wa kukataa wakati karo inadaiwa, na sikulaumu kwa kuogopa. Chukua fomu nyingine moja kwa moja kutoka ofisi ya eneobunge au kaunti. Ukinyimwa sahihi, panda ngazi hadi kwa naibu kamishna wa kaunti, ambaye ndiye mkubwa wa chifu, na uende na mzazi mwingine mwenye shida hiyo hiyo ili msiwe sauti moja. Andika tarehe, mahali na maneno uliyoambiwa. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea malalamiko hata bila jina lako.

Swali: Kijana wangu yuko chuo cha ufundi, si chuo kikuu. Anaruhusiwa?

Jibu: Ndiyo, baba. Basari za eneobunge hupokea wa vyuo vya ufundi pia, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo. Ila kumbuka ya HELB ni mkopo.

Swali: Nalea wajukuu wawili. Binti yangu alifariki na sina cheti cha kifo, nina kibali cha mazishi tu.

Jibu: Pole sana, bibi. Anza kwa chifu wako upate barua, kisha uende ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya kaunti ndogo pamoja na kibali hicho na kitambulisho cha marehemu kama kipo. Kifo kilichochelewa kuandikishwa huandikishwa bado. Wakati unangoja, ambatisha barua ya chifu na nakala ya kibali kwenye fomu. Usiiache fomu ikapita. Pia nenda ofisi ya watoto, waeleze kwamba wewe ndiye mlezi, uulize Basari ya Rais. Kama magoti hayakuruhusu, mtume kijana unayemwamini akiwa na barua yako na nakala, hati halisi zibaki nyumbani.

Swali: Sisi ni akina dada wanane na tunaelewana vizuri. Hatutaki kuongeza watu.

Jibu: Dada, sheria inataka 10, na hakuna njia ya kuizunguka. Msiandike majina ya watu wasiohudhuria, maana afisa akija kuwatembelea atawauliza wawili hao mradi unahusu nini.

Swali: Jina la mwanangu halikutoka, lakini naona majina ya watoto wa wenye uwezo. Kuna rufaa?

Jibu: Kwanza uliza kwa upole ofisini kama fomu ilikataliwa kwa kasoro, kwa sababu kasoro hurekebishwa awamu ijayo. Ukikosa jibu, andika barua ya kuomba maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha katiba. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka kujua. Uliza vigezo vilivyotumika, kiasi kilichotolewa katika wadi yenu, na sababu ya fomu yako kukataliwa. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Isipojibu, peleka nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman. Barua ya wazazi kumi walioweka sahihi pamoja huwa ngumu zaidi kuifungia kwenye droo, kwa hiyo zungumza na wenzako wa wadi kabla ya kuipeleka.