Ukumbi mdogo wa muziki wa laivu: tengeneza chumba kabla ya kununua spika

Wengi wanaofungua ukumbi mdogo wa bendi hukimbilia spika kubwa. Subiri kwanza. Katika chumba cha watu mia moja, drams peke yake zinaweza kufika desibeli 100 bila maiki hata moja. Kazi kubwa ya mitambo yako ni kuiinua sauti ya mwimbaji isikike juu ya drams hizo, na chumba kibaya hakitakuruhusu hata ukiongeza wati.

Simama katikati ya chumba kikiwa kitupu, upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada yake, kuta mbili zinazotazamana zinarudishiana sauti. Funika mmojawapo, pamoja na ukuta ulio nyuma ya drams, kwa mabamba ya sufi ya madini (nyuzi za mawe au glasi) yenye unene wa sentimita 10, yaliyovikwa kitambaa kisichoshika moto. Acha nafasi ya sentimita kadhaa kati ya bamba na ukuta. Besi hujikusanya kwenye kona, kwa hiyo huko weka mabamba mazito zaidi. Trei za mayai achana nazo: hazigusi besi, na zikishika moto zinawaka upesi.

Kupunguza mwangwi hakuzuii sauti kuwafikia majirani. Sauti hutorokea kwanza kwenye nyufa za milango, hivyo ziba kwa mpira, na ukiweza weka milango miwili yenye ujia katikati. Milango ya dharura ifunguke kwa nje na isifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani. Hilo halina mjadala, liwepo sharti la zimamoto au lisiwepo.

Jukwaa la mita 4 kwa 3 linatosha watu wanne au watano. Drams peke yake zinakula mita 2 kwa 2. Spika za wasikilizaji zikae mbele ya maiki zote, juu ya vichwa vya watu. Zikiwa nyuma ya mwimbaji, maiki inaisikia spika, spika inairudisha kwa sauti kubwa zaidi, na mluzi unaanza.

Mluzi huo unastahili kueleweka vizuri, kwa kuwa ndio unaoharibu shoo nyingi za kumbi ndogo. Maiki ya kawaida ya kuimbia haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake, basi monita, yaani spika inayomsikilizisha mwimbaji sauti yake, ikae huko, ikimtazama. Mwimbaji akikishika kichwa cha maiki kwa kiganja, anaziba matundu yanayoipa maiki uwezo huo, nayo inaanza kusikia kila upande. Mwambie ashike shina. Mluzi ukiendelea, shusha monita kabla ya kugusa kitu kingine, kisha, kwenye mixa, punguza masafa (sauti nene au nyembamba) yale yanayolia tu.

Mvumo wa chini usiokoma mara nyingi hutokana na vyombo kuchomekwa kwenye soketi za njia tofauti za umeme. Vyombo vyote vya sauti viwe kwenye njia moja, taa kwenye nyingine. Usikate kamwe waya wa ethi ili kuondoa mvumo: mpiga gitaa anayegusa nyuzi huku midomo iko kwenye maiki anaweza kufa.

Siku ya shoo, bendi itakayopiga mwisho ipime sauti kwanza, na ya kufungua ipime mwisho, ili vyombo vyake vibaki tayari jukwaani. Anza na drams, besi, gitaa, kinanda, halafu sauti za waimbaji. Usiogope ukumbi ukisikika mkali wakati huo, maana miili ya watu itafyonza sehemu ya ukali. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100, ukipimwa kwa kila dakika 15. Kipimo kikae mbele ya fundi mitambo, na vizibo vya masikio viwe mlangoni.

Makubaliano ya pesa yaandikwe kabla: bendi inalipwa kiasi maalumu au asilimia ya viingilio, na gharama zipi zinatolewa kwanza. Hesabu ifanyike usiku huohuo, mtu wa bendi akiwepo.

Kuwasha, mixa kwanza na amplifaya mwisho. Kuzima, amplifaya kwanza. Ukianza kuzima mixa, kishindo kinachopita kinaweza kuua spika.