Kujenga mfumo wa amri na udhibiti wa jeshi kwa mbinu ya ajaili

Ajaili (agile) ni kujenga programu kwa vipande vidogo vinavyotolewa mara kwa mara; hapa ni programu ambayo makamanda huitumia kuona vikosi vilipo na kuviongoza. Kabla ya kuandika kipengele chochote cha programu hiyo, tengenezeni njia ya kuifikisha kikosini. Timu nyingi humaliza toleo kila wiki mbili, kisha toleo hilo hulala miezi likisubiri kibali cha usalama. Kwa hiyo wiki ya kwanza chukueni ukurasa mtupu wenye saa tu, mupitishe kote: ukaguzi wa udhaifu, sahihi ya kidijitali, kuvushwa hadi kwenye mtandao wa siri usiogusa intaneti, mpaka afisa wa zamu auone kwenye kompyuta yake. Mkaguzi wa usalama aketi na timu tangu siku hiyo.

Timu isizidi watu 10, na anayeamua kipi kitangulie awe mtu mmoja aliyewahi kushika zamu katika chumba cha operesheni. Kamati haiwezi kazi hii.

Kipande cha kwanza kiwe kidogo lakini kizima. Katika kambi ya Al Udeid, Qatar, wapangaji wa Jeshi la Anga la Marekani walipanga ndege za kujaza mafuta angani kwa ubao mweupe. Kazi hiyo moja ikapatiwa programu ndani ya miezi michache. Kwenu inaweza kuwa ripoti ya mahali kilipo kikosi: inaingia kwa redio, inahifadhiwa, inaonekana kwenye ramani pamoja na chanzo na umri wake. Msikubali kazi iitwe imekwisha bila umri huo. Alama ya dakika 40 zilizopita ikisomwa kama ya sasa, mizinga inaweza kuelekezwa kwa wenzetu.

Jaribuni katika mtandao mbovu, maana wa ofisini hudanganya. Bana kasi hadi kilobiti 16 kwa sekunde, kata mawasiliano nusu saa, kisha uyarudishe. Ujumbe uliorundikana utamiminika kwa mpigo, na ripoti kuukuu itafuta mpya ikiwa seva inafuata saa ya kupokea badala ya saa ya tukio. Saa za mashine zikipishana, kosa hilo hurudi kwa mlango mwingine, basi zioanisheni kwanza.

Vikosi havisasishwi siku moja. Toleo jipya lazima lisome ujumbe wa toleo lililotangulia, na kurudi nyuma kuwezekane kwa amri moja. Siku ya kusakinisha huchaguliwa na kamanda, kamwe si timu.