Namna ya Kuijua Dodoma Mtaa kwa Mtaa, kwa Kuanzia Relini

Mtumishi aliyehamishiwa Dodoma aghalabu huujua mji kwa njia moja tu, ile ya kutoka chumba alichopanga hadi ofisini, na siku moja ya mapumziko huenda Nyerere Square kupiga picha mbele ya sanamu ya Mwalimu. Baada ya miezi sita huanza kusema kwamba Dodoma ni vumbi na jua. Simlaumu sana, kwa sababu mji huu haujionyeshi kwa mtu anayepita ndani ya gari; lakini ukiutembelea kwa kufuata umri wa mitaa yake, kuanzia ule wa zamani hadi ule uliopimwa juzi, utaona kwamba kila mtaa ulipangwa na mkono tofauti, na tofauti hiyo bado inaonekana kwenye upana wa njia na ukubwa wa nyua.

Jiji lina kata 41, kwa hiyo usijaribu kuzimaliza. Tenga asubuhi nne au tano, kila moja kwa eneo moja. Toka saa moja asubuhi na urudi kabla ya saa tano, kwa maana jua la mchana hapa halina kivuli cha kukimbilia, na kati ya Julai na Septemba upepo hubeba vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Mvua, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hugeuza njia za ndani kuwa tope, na hapo viatu vya wazi havifai. Chukua maji, kofia na fedha ndogondogo. Usipige picha za majengo ya Serikali, ya reli wala ya vyombo vya ulinzi bila ruhusa.

Anza stesheni ya zamani, na umtajie bodaboda neno hilo "ya zamani", kwa sababu tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ukisema stesheni peke yake unaweza kujikuta nje kabisa ya mji. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na mji wa Dodoma ulizaliwa katikati ya safari hiyo. Jina la kata ya Tambukareli linaeleza jambo hilo bila kuhitaji kitabu: ni mahali unapofika kwa kuitambuka reli. Ukiwa upande huo wa mji, ulizia makumbusho ya jiolojia, ambako mawe na madini ya nchi hii yamepangwa kwenye makabati. Taasisi inayoyatunza ilianzishwa hapa Dodoma mwaka 1925, wakati wa Waingereza, na wakazi wengi wa mji hawajawahi kuingia.

Kutoka relini nenda Uhindini. Enzi za ukoloni miji ya Tanganyika ilipangwa kwa rangi za watu, Wazungu upande wao, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika pembeni, na jina hili ni alama ya mpango huo ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta. Njia zake nyingi hazina majina ya mashujaa, zina namba tu: Barabara ya Sita, Barabara ya Saba, na kuendelea. Tembea polepole na uinue macho juu ya mabango ya mawakala wa pesa, utaona maduka ya zamani yenye baraza pana na milango ya mbao, yaliyobanwa na maghorofa ya vioo.

Majengo ndiko ningekushauri ukae muda mrefu zaidi. Sokoni usianze na nyanya na vitunguu, ambavyo utavikuta popote. Tafuta kina mama wanaouza uwele, mtama, karanga, ubuyu na mlenda mkavu uliosagwa, maana hivyo ndivyo vyakula vya Ugogo, nchi ya Wagogo, wenyeji wa hapa. Salimia kwa "Mbukwenyi" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, kwa sababu bei haitashuka lakini mazungumzo yataanza. Mama mmoja aliyenifungia mlenda kwenye karatasi alinitazama mikono kisha akauliza, "Unajua kuupika, mwanangu?" Nilipositasita akanyanyua kidole: "Maji yachemke kwanza, unga unafuata kidogokidogo. Ukigeuza utaratibu, utakula mabonge." Niligeuza, na nikala mabonge. Msimu wa zabibu, ambao hapa huja mara mbili kwa mwaka, ulizia zilizovunwa asubuhi ile na uonje kabla ya kulipa; muuzaji hatakasirika.

Ukirejea katikati ya mji, pita kwenye nyumba za ibada zilizo karibu karibu: Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, kanisa kuu la Kilutheri, na lile la Kianglikana ambalo kuba lake, kama la msikiti, huwafanya wageni wengi wavue viatu mahali pasipohitajika.

Siku nyingine nenda Area A, Area C au Area D, majina yanayosomeka kama yamenyanyuliwa kwenye karatasi ya mpima ardhi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu huku huiita CDA. Mpango kamambe wa mji ulichorwa na kampuni ya Kanada mwaka 1976. Hapa tazama nafasi: barabara pana, nyumba zilizorudi nyuma ya uzio, viwanja vya wazi kati ya makazi. Ukimpata mzee aliyekaa kibarazani, muulize kuhusu hati za viwanja za CDA za miaka 33, kisha utulie usikilize, kwa maana habari hiyo haisimuliwi kwa dakika tano. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji.

Kutoka huko nenda Chang'ombe siku hiyohiyo, ili macho yako yalinganishe. Hapa watu walijenga bila kusubiri mpimaji, na njia hupinda kufuata ukuta wa jirani. Nenda na mwenyeji, au upite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na ujitambulishe; mgeni anayezunguka peke yake akitazama nyumba za watu hudhaniwa dalali, au mtu aliyetumwa kuweka alama ya X kwenye nyumba za kubomolewa.

Mtumba, mji wa Serikali ulio kilomita zipatazo 17 kwenye barabara ya Dar es Salaam, utakutosha kwa saa moja: ni ofisi na barabara mpya. Jumamosi iache kwa ajili ya Msalato, kwenye barabara ya Arusha, ambako mnada wa ng'ombe huenda sambamba na nyama choma. Fika kabla ya saa sita, chagua kipande kikiwa bado hakijawekwa motoni, na upatane bei kabla kisu hakijapita.